Bizari Ndani ya Rejeta

Kaka yangu mkubwa alimwaga pakiti nzima ya bizari ndani ya rejeta, akafunga kifuniko, akajipangusa mikono kwenye suruali, akasema kazi imekwisha.

"Bizari inaziba kila tundu," aliniambia. "Uliza dereva yeyote kuanzia hapa mpaka Malaba."

Sikuuliza mtu. Yeye ndiye mkubwa wetu, na mama alikuwa ameshavaa gauni lake la kanisani, ameketi ndani ya gari akisubiri kupelekwa nyumbani Bungoma. Maji yaliyokuwa yakidondoka chini ya injini yalikoma kweli. Kaka akanitazama kama mtu anayengoja kushukuriwa, nami nikamshukuru.

Gari lenyewe pale Matisi watu waliliita kampa. Ni gari refu la dizeli lenye kitanda nyuma, sinki ndogo, kabati na mapazia ya madirisha. Wazungu wawili wazee walikuja nalo kwa barabara kutoka mbali, likawachosha walipofika Kitale, wakamwachia baba wa mtoto wangu. Yeye alisema atapeleka watalii mlimani. Kila alipopanda kuelekea Kapsokwony gari lilichemsha. Alikuwa akisimama kando, anafungua boneti, watalii wanapiga picha mvuke badala ya mlima, naye anaenda kuomba maji kwenye boma la watu. Baadaye akapata mwanamke Eldoret. Kampa aliniachia kwa sababu halingeweza kumfikisha huko.

Mama alikuja kukaa nami figo zilipoanza kumsumbua, kwa kuwa alitibiwa Kitale. Lakini kulala ndani ya nyumba alikataa. Kwetu mama mzazi halali chini ya paa la mkwe wake. Nilimwambia hapa hakuna mkwe, kuna mimi na mwenye nyumba anayetaka kodi.

"Viatu vyake viko chini ya kitanda," akasema.

Vilikuwepo kweli. Nilivitupa siku hiyo hiyo, lakini nilipotoka nje yeye alikuwa ameshaingia kwenye kampa na blanketi lake. Akagonga sakafu kwa fimbo.

"Hii haina msingi, mayi. Kitu haina msingi si nyumba ya mtu." Mayi ni mama; ndivyo alivyoniita mimi bintiye.

Basi akalala humo. Miezi ikapita akilala humo. Binti yangu wa miaka minne alihamia kwa kukhu yake, yaani bibi yake, akawa anakuja nyumbani kuoga tu. Mimi nilipeleka chai, nikaleta beseni, nikafua. Sikulalamika. Kulikuwa na wakati nikisikia wanacheka huko ndani nikaona hata huyo mwanamume aliniachia kitu cha maana bila kujua.

Kisha daktari akaniita kando. Alisema hapa hawana la kumfanyia tena. Akasema sumu ambayo figo zinashindwa kuitoa itapanda mpaka kichwani. "Mpeleke nyumbani angali anajijua," alisema. "Usikae sana."

Mama nilimwambia ukweli, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kusema ukweli na singeanza kumdanganya yeye. Akasema jambo moja tu analotaka. Anataka kufika kwake akiwa ameketi. Gari la maiti kwetu hufungwa matawi mbele, na watu wakiyaona wanaanza kulia kabla gari halijaingia langoni. Hakutaka kuletwa na matawi. Alitaka apite langoni akitazama dirishani, awasalimie watu wake kila mmoja kwa jina, alale kwenye nyumba aliyojengewa na baba, kwenye kitanda chake, na ajue kwamba ni chake. Hayo tu. Si mambo makubwa.

Teksi ndogo ilimkunja akapiga kelele kabla hatujatoka getini. Matatu usiseme. Kampa lilikuwa na kitanda. Ndiyo sababu kaka alikuja kutoka Bungoma na pakiti yake ya bizari.

Siku hiyo ya kwanza tuliwaaga majirani wote wa Matisi. Walimpa mama leso, sukari, na kuku aliye hai. Tulikuwa tumepita Kiminini kidogo mshale wa joto ulipoanza kupanda. Nilimwambia kaka. Akasema huo mshale ni mzee, hauoni vizuri. Halafu mvuke ukatoka, na harufu.

"Nani anapika?" mama akauliza kutoka kitandani.

Turudi vipi? Trekta lililokuwa limebeba mahindi lilitufunga kamba, likatuburuta mpaka Matisi, tukapita mbele ya majirani wale wale waliotuaga asubuhi. Mama alijifunika uso kwa leso waliyompa. Kuku alikuwa akipiga kelele. Kaka hakuona aibu.

"Bizari ya siku hizi ni unga tu imetiwa rangi," alisema.

Akapanda matatu akarudi Bungoma. Akasema atatafuta gari la kanisa, nisifanye kitu, ningoje simu yake. Nikangoja. Gari la kanisa limeenda harusi. Gari la kanisa liko na wanakwaya. Pasta amesafiri na ufunguo. Kila akipiga simu anamaliza kwa kuniombea. Siku moja nilikata simu katikati ya maombi, nikaenda kwa jirani kuazima spana.

Nilimaliza kidato cha nne, na fizikia ilinishinda. Lakini simu yangu ilikuwa na bando, na kuna watu duniani wanaojipiga video wakifungua magari kama haya. Sikuhitaji kuelewa maneno yao yote. Nilihitaji kuona mkono unaingia wapi.

Nilifungua kizibo cha chini cha rejeta nikaweka beseni. Maji hayakutoka. Ulitoka uji wa manjano, mzito, ukakatika, ukatoka tena. Nilitoa paipu ya juu na ya chini, nikatoa kava ya feni, kisha bolti. Mbili zilikuwa zimeshikwa na kutu, nikazipaka dizeli nikazingoja kama unavyongoja mtoto mkaidi. Rejeta ilipotoka niliiweka mdomoni, samahani kusema, kama mtu anayepuliza tarumbeta. Pumzi yangu haikupita. Nilikohoa bizari mpaka machozi yakanitoka, na yalipoanza yakaendelea.

Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa kampa, ananitazama. Uso wangu ulikuwa mweusi kwa grisi.

"Mayi," akasema, "umepakwa tope kama kijana anatoka mtoni kutahiriwa. Sasa usifumbe macho. Ukifumba macho wataimba wewe ni mwoga."

"Nani ataimba?"

"Mimi. Na huyu." Akamwonyesha binti yangu. Wakaanza kuimba wote wawili wimbo wa watahiriwa, mtoto akikosea maneno na mama akimrekebisha. Hiyo ndiyo siku yake nzuri ya mwisho. Sikujua. Nilikuwa nimeinama natafuta bolti iliyoanguka.

Mzee Kalasinga wa duka la speya mjini alitazama picha kwenye simu yangu kwa muda.

"Mama, gari hii haina ndugu hapa Kenya," akasema. "Usitafute yake. Tafuta yenye upana huo na midomo upande huo."

Nikaenda yadi ya vyuma chakavu upande wa Kipsongo nikiwa na kamba niliyofunga mafundo: fundo la upana, fundo la urefu, fundo la kutoka mdomo mpaka mdomo. Kijana wa yadi alinitazama begani, ambako rejeta ilikuwa imening'inia.

"Niaje, mathe. Buda ako wapi akuje tuongee?" akauliza, akimtafuta mume wangu.

"Buda ni mimi."

Akacheka, akachungulia ndani ya rejeta yangu, akanusa. "Na hii ni rejeta ama ni sufuria ya pilau?"

"Kaka yangu alikuwa anapika."

"Wanapikanga wote," akasema. "Kila wiki naletewa moja. Wengine wanatia yai."

Alinipangia rejeta chini kama mtu anayepanga samaki. Kamba yangu ilikaribiana na moja tu, ya lori dogo, ndefu kupita ile yetu kwa upana wa kiganja. Aliziba midomo yake, akaizamisha kwenye pipa la maji, akaijaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Tukatazama povu. Hakukuwa na povu. Ile ya bizari akaichukua kwa ajili ya shaba yake.

Nyumbani nilitaka kwanza kusafisha injini yenyewe, kwa sababu bizari haikukaa kwenye rejeta peke yake. Nilifungua kile kikombe cha chuma ambako paipu ya juu inaingia kwenye injini, mahali ambapo panapaswa kukaa thamostati, kile kilango kidogo kinachofunguka maji yakipata moto. Palikuwa patupu. Nilimpigia simu mwanamume wa Eldoret. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Thamostati iko wapi?"

"Fundi alitoa zamani. Hiyo ni ya nchi za baridi. Si hapa ni Afrika?" Kisha akauliza, "Mama anaendeleaje?"

Nilikata. Miaka yote hiyo ya kuombaomba maji njiani, ugonjwa ulikuwa pale pale walipojidai kutibu. Kwenye injini ile, kilango hicho kinapofunguka upande wa rejeta kinaziba njia ya mkato. Ukikitoa, maji yanafanya kama mtu uliyemtuma sokoni akaona kichochoro: yanazunguka kwenye injini na kurudi, hayafiki kwenye rejeta kupoa. Niliyaona hayo kwenye video mara moja, nikaelewa, nikakaa chini kwenye mchanga. Sikukasirikia ujinga wao. Kila mtu ni mjinga wa kitu fulani. Nilikasirikia jinsi walivyokuwa na uhakika.

Thamostati mzee Kalasinga alikuwa nayo. Nikatia mpira wa maji kwenye injini, nikaiosha, nikaiosha tena, maji yakitoka manjano, kisha rangi ya chai, kisha safi. Ua wote ulinukia. Binti yangu aliuliza kama leo ni sikukuu, tunakula pilau. Mama alikuwa akitazama maji yanavyokimbia, halafu akamwita mtoto kwa jina la dada yake mwenyewe, aliyekufa kabla mimi sijazaliwa, akamwambia atoke kwenye mvua.

Nikashika spana kwa nguvu zaidi. Rejeta ya lori haikutaka kuingia. Nilikata vyuma bapa, nikavitoboa kwa fundi wa milango, nikaweka vipande vya tairi kuukuu chini yake isigongwegongwe. Paipu nikakaza kwa klipu mpya. Nikajaza maji na dawa yake ya kijani, nikawasha. Mshale ukapanda mpaka nusu, ukakaa, halafu ukaruka juu kama umechomwa. Nikazima. Nililia mbele ya mtoto, jambo ambalo huwa silifanyi.

Nilikaa na hiyo shida siku nzima. Kwenye kampa kuna hita nyuma karibu na kitanda, na paipu yake ndefu inapita chini ya sakafu mpaka huko. Upepo ulikuwa umekwama humo, na upepo ukikwama maji hayapiti. Nililisukuma gari na vijana wa mtaani mpaka pua yake ikapanda juu ya tuta la bustani, nikafungulia hita yote, nikaacha kifuniko wazi, nikawa naminya paipu kwa mikono miwili kama mtu anayekamua ng'ombe. Rejeta ikatoa mapovu, ikameza maji, nikaongeza, ikatoa tena. Ikanyamaza. Hewa ya moto ikaanza kutoka nyuma kwenye miguu ya mama.

"Nani amewasha moto?" akauliza. Alikuwa ameketi sawasawa, amejifunga leso vizuri. "Wageni hawa wanaenda lini?"

Hakukuwa na wageni. Tulikuwa mimi na mtoto.

Tuliondoka asubuhi bila kumuaga mtu. Barabara ile mimi siijui tena kwa uzuri wake. Naijua kwa mshale. Kiminini mshale ulikuwa katikati. Kamukuywa kwenye mteremko na kwenye mlima wake, katikati. Kimilili, Chwele, katikati. Mtoto alikuwa nyuma akimwambia kukhu yake kila kitu anachokiona, ng'ombe, pikipiki yenye kochi, wanawake wenye ndizi, na mama akiitikia, "Eeh. Eeh." Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka mshale utapanda.

Langoni kaka na watu wa boma walikuwa wamejipanga. Hakukuwa na matawi. Mama alikuwa ameketi dirishani na pazia limefunguliwa, vile vile alivyotaka. Mke wa kaka alipiga vigelegele. Nikazima injini, nikakaa na mikono juu ya usukani, nikafikiri, nimeweza.

Mama alishuka akishikwa mikono. Aliwasalimia wote, mmoja mmoja, kwa heshima kubwa. "Mulembe. Mulembe. Mulembe." Hakutaja jina la mtu. Alipofika kwa kaka alimshika mkono kwa mikono yake miwili, kama unavyomshika mtu mkubwa usiyemfahamu.

"Mwenye mji huu yuko wapi, nimsalimie?"

"Mama, mwenye mji ni wewe," kaka akasema.

Mama akacheka kidogo, kwa adabu, jinsi mgeni anavyocheka mwenyeji akimwambia ajisikie nyumbani.

Walimchinjia kuku. Alikula kidogo, akasifu mchuzi. Mke wa kaka alimletea kigoda chake cha zamani akakikalia. Alimletea picha ya baba kutoka ukutani. Mama aliitazama sana, akaifuta vumbi kwa ncha ya leso.

"Mwanamume mzuri," akasema. "Ni wa hapa?"

Mke wa kaka alitoka nje na ile picha.

Jua lilipoanza kushuka mama alisimama, akashukuru wenyeji, akawaombea, akaniambia, "Mayi, twende. Tusichelewe nyumbani." Kaka alimfungulia chumba chake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka mpya. Mama alisimama mlangoni bila kuvuka.

"Siwezi kulala kwa watu," akasema. "Mwenye nyumba akija atanikuta kwa kitanda chake."

Akageuka, akaenda na fimbo yake mpaka kwenye kampa, akapanda ngazi zile bila msaada, akalala, akafunga pazia.

Kaka alinifuata nyuma ya jikoni. "Haiwezekani. Mama alale kwa gari, ndani ya boma lake? Watu watasema nini?"

"Waambie bizari."

"Dada, chunga mdomo."

"Nimeuchunga kutoka Kiminini. Umechoka."

"Mimi nilijaribu," akasema, na sauti yake ikavunjika, nikaona kwamba naye ana uchungu wake. Sikumhurumia. Labda nitamhurumia baadaye. Zile siku za gari la kanisa, zile siku nilizokuwa natoa manjano kwenye injini kwa beseni, mama alikuwa angali anajua nyumba yake ina madirisha mangapi. Alikuwa akiniambia. Siku hizo hakuna yadi inayoziuza.

Tulikaa pale kwenye ua wa mbele, mimi, mtoto na mama, kwenye kampa, mbele ya nyumba yake mwenyewe. Asubuhi aliketi ngazini akawa anawasalimia wanaopita njiani, na wao wakamwita kwa jina lake la ndoa, naye akawa anatazama nyuma yake kuona ni nani anayeitwa. Hakuwa na huzuni. Hilo watu hunituliza nalo. Hakuwa na huzuni, wanasema. Kweli, huzuni alitutengea sisi tuibebe.

Alikufa asubuhi moja wakati nakoroga uji. Kabla ya kuwaita majirani, kaka na wanaume wawili wa boma walimbeba wakamwingiza ndani, wakamlaza kwenye kitanda chenye shuka mpya. Siku ya mazishi kaka alishika maiki akasema mama alirudi kwake, akalala kitandani kwake, akafia mikononi mwa watoto wake. Watu wakasema amina. Mke wa kaka, mulamwa wangu, alinikandamiza mguu kwa mguu wake nisijibu. Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwangu.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa naye humo kwenye kampa. Asubuhi ile alikuwa ameamka mapema, amejifunga kitambaa, amekunja blanketi. Aliniuliza tutaondoka saa ngapi kwenda nyumbani. Nilimwambia uji ukipoa. Akasema sawa, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaweka mikono juu ya magoti, akangoja.